Pua ya Watazoea

Jumamosi, Oktoba. Newala. Jua kali na upepo wa vumbi, wingu moja tu upande wa bonde la Ruvuma.

Bomba la mtaani limetoa hewa tena. Baada ya foleni ndefu kwa muuza maji nimerudi na ndoo moja, na Shangazi ameitenga kwa kupikia na kutawadha. Nguo chafu zitasubiri.

Nimeikumbuka Mnyambe, kijiji chetu. Niseme ukweli: nimemkumbuka mbwa.

Anaitwa Watazoea. Ni mtoto wa Siombi, mbwa wa kuwinda wa Mjomba, naye atakuwa wangu kama pua yake itapona. Isipopona kabla ya mvua za kwanza, Mjomba atampeleka Kitangari kwa mzee anayelinda ghala la korosho, akafungwe mnyororo mlangoni. Mlinzi hahitaji mbwa anayenusa. Anahitaji anayebweka.

Najua baadhi yenu mtakaosoma haya mtacheka. Msichana wa Kidato cha Pili, mwenye mtandio kichwani, analilia mbwa! Shangazi, ambaye nakaa kwake ili nisome, hataki hata nimtaje wakati wa kula. Kwetu Mnyambe mbwa naye haingii ndani wala hagusi chombo cha watu, lakini ana kibanda chake, bakuli lake na kazi yake.

Siku moja kwenye kompyuta ya shule nilitafuta picha za mbwa wa kuwinda. Niliona wa masikio marefu, wa madoadoa, wa manyoya kama zulia, kila mmoja na jina la aina yake na historia yake. Wa kwetu sikumwona. Huku anaitwa mbwa wa kienyeji, basi. Kwa hiyo acha nimwandike mimi. Manyoya yake ni mafupi, mekundu kama udongo wa shambani kwetu. Masikio yamesimama, kiuno chembamba, mkia umejikunja. Habweki ovyo. Akiingia kichakani huwezi kujua yuko wapi, ndiyo maana Mjomba humfunga Siombi kengele ya mti shingoni. Njiani huijaza majani isilie. Wakifika huyatoa, na kuanzia hapo watu hufuata mlio.

Kuhusu asili yao, Bibi anasema tu kwamba walivuka Ruvuma pamoja na wazee wetu. Hakuna aliyeandika walivukaje. Huwa najiuliza kama waliogelea au walibebwa.

Chakula chao ni ugali wa muhogo uliopoa. Wa moto hawapewi, kwani wawindaji wa kwetu wanaamini mvuke unaharibu pua. Kupe tunawatoa kwa vidole, hasa nyuma ya masikio na katikati ya kucha. Bwana mifugo akipita na chanjo ya kichaa, mimi ndiye ninayemshika Siombi, kwa sababu kwangu anatulia.

Kumbe pua ya Watazoea haikuharibiwa na mvuke. Iliharibiwa na salfa.

Siombi alizaa msimu wa kupuliza dawa mikorosho. Mjomba alimwonea huruma kwa baridi, akatandika kibandani mifuko mitupu ya salfa. Mifuko hiyo kwetu ni mkeka, ni pazia la bafu, ni kila kitu, wala hakuna aliyeona ajabu. Watoto wengine walichukuliwa mapema. Watazoea, mdogo kuliko wote, alibaki akilala juu ya ule unga wa njano na kupiga chafya. Nilipokwenda likizo ya Septemba nilimkuta anatokwa na machozi. Nilimwekea dagaa karibu na miguu yake, akawapita kama mawe.

Nilitoa mifuko yote, nikamsafisha macho, nikamtandikia majani makavu. Halafu nikampelekea Mjomba kuku wangu.

Mbwa wa kuwinda kwetu hatolewi bure. Ukimchukua mikono mitupu, wanasema miguu yake inabaki kwa mwenyewe, hatakukimbilia kamwe. Yule tetea nilimlea tangu kifaranga. Mjomba alimtazama kuku, akanitazama mimi.

"Somoe, wasichana wenzako wanaomba simu."

"Simu haifukuzi nguruwe kwenye mihogo, Mjomba."

Alicheka mpaka akakohoa. Akampokea kuku, kisha akaweka lile sharti la mvua. Kwetu neno la mjomba likishatoka, hata Baba halipingi.

Nilipoondoka nilimwachia Watazoea mtandio wangu wa zamani kibandani, asilie.

Tangu hapo nayaogopa mawingu. Newala nzima inaitaka mvua, na mimi ndoo zinanichubua mabega kama wenzangu. Lakini nakiri: shuleni tukiomba dua ya mvua, naitikia amina kwa sauti ndogo sana.

Leo, nikiwa ndiyo kwanza natua ndoo, simu ya Shangazi imelia. Mjomba.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Mbwa wako mwizi."

"Ameiba nini?"

"Mama yako aliona aibu mtandio wa mwanawe kukaa kwa mbwa. Akauchomeka ndani ya gunia la korosho, barazani. Magunia yamejaa pale. Huyu wako kayapita moja moja, kafika kwenye lile, kalichana. Korosho ziko uani kote, mama yako anaokota na kututukana wote wawili."

"Kwa hiyo amenusa!"

"Mtandio si sungura."

"Lakini amenusa, Mjomba."

Nimemsikia Mama kwa mbali, akiwa bado hajamaliza kutukana.

"Ngozi ya sungura nimemburutia asubuhi afuate harufu," akasema Mjomba. "Ameikalia."

Nimeshindwa kucheka.

"Yule mzee wa ghala alitaka kuja kumchukua kesho. Nimemwambia asubiri mvua. Wewe leta kitu kingine chenye jasho lako nikakifiche shambani. Nijue kama ni pua au ni bahati."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni. "Yaani simu yangu imekuwa ya mbwa?" Nilikuwa nimeshaingia chumbani kutafuta soksi zangu za shule, nilizozivaa wiki nzima na ambazo, kwa sababu ya bomba letu, hazijaona maji. Kwa mara ya kwanza nimelishukuru bomba.

Nilipotoka nazo, Shangazi aliziba pua kwa upande wa khanga. Akaenda jikoni, akarudi na mfuko wa plastiki, akaufungua mbele yangu huku amegeuza uso.

"Tia humo. Hizi atazinusa hata mbwa aliyekufa."

Akaufunga mwenyewe, mafundo mawili, harufu isitoke njiani. Gari la Mnyambe linaondoka kesho asubuhi, na dereva ameshaahidi kuufikisha kwa Mjomba.

Sasa naandika huku natazama dirishani. Lile wingu la upande wa Ruvuma limekuwa kubwa, na jirani ameanza kupanga ndoo zake chini ya bati.

Mvua, tafadhali. Acha kwanza soksi zifike.