Rupia ya Mama Yangu

Fundi Kirui,

Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Mara ya kwanza niliandika "Mpendwa," nikashindwa kuendelea. Sasa naandika Fundi tu, kwa sababu hilo halikuwa uongo. Ulikuwa fundi kweli.

Tangu tukuzike kule Olenguruone, kibanda chako cha redio hapa Nakuru kimechukuliwa na kinyozi. Mimi bado nashona pale pale, mlango wa pili, na watu bado wanakuja na redio zao wakiuliza, "Fundi amerudi?" Nawaambia hapana. Siku zingine naendelea tu kukanyaga cherehani.

Chebet, msichana wako, aliniletea ile mashine ya kutafutia vyuma, ile uliyonunua Gilgil kwa mzungu aliyekuwa akiuza vitu arudi kwao. "Baba alisema ni yako, auntie." Nililia, Fundi. Nilikumbuka zile Jumapili tulizozunguka kwenye mashamba ya zamani, wewe na visikizio masikioni, mimi na jembe, tukifukua senti kumi zenye tundu na shilingi za simba. Ulinifundisha kwamba pesa hazina sauti moja. Shilingi mpya huinua mshale wa mashine kidogo tu. Senti ya shaba huupandisha zaidi. Iliyosimama kwa ubavu ndani ya udongo hunong'ona, ukiipita haraka huisikii. Na mshale ukifika mwisho kabisa, ulisema, hicho ni chuma kikubwa, kiatu cha farasi au kipande cha plau. Siku moja tulichimba tukapata kiatu cha farasi kweli. Kwa hivyo niliamini.

Ndiyo maana nilikupeleka kwa mama yangu, Mau Narok.

Ulijua alichozika, nilikueleza mwenyewe. Wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, askari walipokuja kuwapakia kwenye lori, mama alifukia kifuko cha ngozi nyuma ya nyumba yao, kwenye laini ya wafanyakazi wa shamba. Ndani mlikuwa na senti zake, na rupia moja ya baba yake, aliyolipwa kwa kubeba mizigo ya ile vita ya kwanza. Babu aliitoboa kwa msumari apate kuivaa, na tundu likapita kwenye jicho la mfalme. Senti mama hakuzijali. Alitaka rupia ya baba yake.

Siku ile ngano ilikuwa imeshavunwa. Nyumba hazikuwepo, lilibaki jiwe la mama la kusagia peke yake katikati ya mabua. Ulipitisha mashine kando ya jiwe, nikaona mshale ukiruka hadi mwisho. Ukainua mashine kidogo, ukaishusha. Ukaiinua tena. Halafu ukavua visikizio.

"Ni kiatu cha farasi, mama. Tusipoteze nguvu."

"Hata tusichimbe kidogo?"

Ukamwambia shamba ni la watu, tusije tukaliharibu. Akasema haya, umejaribu. Akaenda akakuchinjia kuku. Ulikula paja, Fundi. Ulimwambia pole huku ukiguguna mfupa wa kuku wake.

Mwezi uliopita Chebet alikuja kunisalimia. Nilikuwa nimepanga pesa za zamani juu ya meza, nikijifunza mashine peke yangu. Akacheka, akavua kitu shingoni. "Jaribu na hii, auntie. Baba alinipa nilipomaliza shule. Ilikuwa ya nyanya yake."

Mshale ulifika mwisho. Nikaigeuza ile pesa. Mfalme hana jicho.

Nilikwenda mlangoni nikachukua kile kiatu cha farasi, ambacho huwa nazuia mlango nacho, nikakiweka chini ya mashine. Mshale, mwisho vilevile. Nikaiinua mashine juu ya kila kimoja. Sauti ya kiatu iliendelea hata nilipofika juu. Ya rupia ilikatika mara tu nilipoinua. Kumbe ndicho ulichokuwa ukifanya pale kando ya jiwe. Ulipima mara mbili upate uhakika. Ulijua umesimama juu ya nini, na mama amekukazia macho, anangoja ufungue mdomo.

Ulirudi lini? Ulimwambia nini mwenye shamba? Ningesema ulikuwa na shida, lakini mwenye shida angeiuza. Wewe ulimvisha mtoto wako, ukamtungia na hadithi ya nyanya. Na Jumatatu baada ya Mau Narok ulikuja kuazima birika langu kama kawaida. Na hospitali, Fundi, nilikaa kando ya kitanda chako siku kumi na moja. Ulikuwa na nguvu za kuniuliza habari za wateja. Hukuwa na nguvu za hilo moja?

Chebet nilimwambia siku ile ile aliyoivua shingoni. Aliiacha chai yake ikapoa, kisha akasema, "Twende kwa mama yako."

Mama haoni vizuri siku hizi. Alipapasa tundu kwa ukucha, akaijua kabla hatujafungua midomo. Tulipomweleza ilikotoka, akamuuliza Chebet, "Wewe ulijua?"

"Hapana, nyanya."

"Basi keti, unywe chai."

Kuhusu wewe hakuuliza kitu. Alikuwa akikuombea kila Jumapili, na tangu siku ile hajataja jina lako hata mara moja.

Mwezi wa kumi na mbili watu wako wataweka msalaba kaburini, na wameniomba niseme machache kama rafiki. Nitakuja. Nitasema ulikuwa na mkono mwepesi na subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Halafu nitasema ya Mau Narok, yote, watu wote wakisikia. Nilitaka kunyamaza kwa ajili ya Chebet, lakini ni yeye aliyeniomba nisifiche. Nakuahidi sitaongeza chumvi, na sitapunguza.

Kwaheri, Fundi. Nilikupenda kama ndugu yangu wa tumbo moja, na sasa sijui upendo huo niupeleke wapi.

Rahabu