Kanda ya Harusi

Jumatatu, 12 Mei

Chai, mihogo, makala imekwenda gazetini kabla ya saa nne. Birika la umeme limekufa. La tatu hili. Pasi ya mkaa ya marehemu mama bado inanyoosha. Sisemi vya zamani vyote vilikuwa bora: redio yetu haikusema mpaka ipigwe kofi.

Binti yangu Neema ni mwandishi wa programu. Ananicheka kwa kuandikia kwenye programu ya kizamani, kioo cheusi kisicho na vitufe vya kubofya. Chombo chake yeye kinamalizia mstari kabla hajaufikiria. Sikitaki. Nimeshafanya kazi na wahariri wa aina hiyo.

Jumatano, 14 Mei

Dada Zuhura amepiga simu kutoka Mbagala. Wiki ijayo anahamia Newala kwa mwanawe, moja kwa moja. Anaomba kitu kimoja: kanda ya video ya harusi yangu, amwone mama. Hakuna picha nyingine ya mama akitembea.

Nikamjibu kama ninavyomjibu miaka yote: uliifuta mwenyewe, ukarekodi tamthilia yako.

"Mdogo wangu, hiyo kanda ulishaitazama?"

Sijaitazama. Deki ya kuchezea kanda iliharibika mwaka uleule aliorekodi. Nimeitangaza habari hii kwa ukoo mzima bila kuona ushahidi. Mwandishi mchanga angefukuzwa kwa hilo. Nimekereka.

Alhamisi, 15 Mei

Fundi wa Sinza kaifungua deki. "Mzee, hii deki au jeneza la mende?" Kabadilisha mpira, kasafisha kichwa kwa spiriti. Inazunguka. Jirani ametuazima TV ya chogo.

Njiani nimemweleza Neema kuwa televisheni ilikuwa inafunga. Wimbo wa taifa, kisha chenga mpaka kesho. Hakuamini.

"Sasa watu mlikuwa mnafanya nini?"

Watu walikuwa wanabeba vigoda vyao, wanarudi kila mtu kwake. Uwanja wetu ulijaa hadi kwenye banda la kuku, TV imegeuzwa dirishani. Nimezikumbuka siku hizo zaidi ya nilivyotaka.

Jumamosi, 17 Mei

Dada amekuja. Shikamoo, marahaba, tukakaa watatu.

Baada ya harusi nilivunja kijino cha plastiki ubavuni mwa kanda isirekodiwe tena. Leo nimeona tundu limezibwa kwa selotepu. Ndivyo tulivyofanya sote tulipotaka kurekodi juu yake. Nikamwonyesha dada. Nilijiona nimeshinda. Nikaitia kanda kwenye deki.

Mama anaingia ukumbini, kanga kiunoni. Sekunde tisa. Chenga. Halafu mimi.

Koti kubwa, kipaza sauti, maji ya mafuriko nyuma yangu. Ripoti yangu ya kwanza ya televisheni. Nimekumbuka yote. Jioni ile ilipotangazwa hapakuwa na kanda tupu ya kuirekodi. Niliziba tundu mwenyewe, nikakusudia kurekodi mwishoni, baada ya harusi. Sikuipeleka mbele, na sehemu yote ya mama ilikuwa hapo mwanzoni.

Tamthilia ya dada inaanza ripoti yangu inapokwisha.

"Nilikukuta umeshajaa humo badala ya harusi," akasema. "Nikapeleka mbele nisikufute."

Nikauliza kwa nini hakusema.

"Wewe wa siku zile? Na lile koti? Nani angekwambia kitu!"

Akacheka mpaka akafuta macho. Neema naye. Mie sikucheka. Niliona aibu, na bado ninayo.

Jumapili, 18 Mei

Nimewapigia ndugu saba. Sahihisho fupi: aliyemfuta mama ni mimi, si Zuhura. Shangazi alisema alijua. Wengine walikuwa wameshasahau kesi yenyewe.

Nimekwenda Mbagala. Dada nimemwomba radhi mbele ya mizigo yake. Akaniambia nishike upande wa pili wa godoro.

Neema amezihamishia zile sekunde tisa kwenye simu ya dada. Dada ameketi juu ya sanduku, anazirudia. Anasema mkono wa mama pale mwishoni si wa kucheza. Mama anaita mtu.

Nimetazama mara nne. Ni kweli, anaita. Nani, picha haionyeshi.

Dada anasema ni yeye.