Binti wa Duka la Vitambaa Anagombea Tena Kanada

Doornfontein, Johannesburg
Machi 2019

Baba yangu mpenzi, Fundi Bakari,

Shikamoo. Barua hii ikukute umekaa, maana ukiisoma umesimama utaanguka kwa kicheko na goti lenyewe ndilo hilo. Sikupigi simu kwa sababu nakujua: unasikia nusu, nusu nyingine unampa mama mdogo akusikilizie, halafu mnashinda mnabishana nilisema nini. Hilo goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa kaka Hamisi umeipaka, au umeifungia kabatini kama pafyumu ya sikukuu? Ipake, baba, nakuomba.

Sisi wazima, alhamdulillahi. Mkweo Athumani bado analinda jengo la ofisi kule Marshalltown, analalamika miguu lakini hakosi kazini. Mjukuu wako Rehema amenipita urefu. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kizulu, ila nikimgombeza kwa uvivu anaelewa kila neno.

Sasa nikujibu lile uliloniambia, kwamba kama mafundi tutaondolewa dirishani nirudi Tanga, cherehani yako ipo na kibaraza kipo. Nimelala na neno hilo na kuamka nalo. Unajua tunavyoshonea huku: ghorofa ya tatu, madirisha makubwa, mwanga tele, kiasi kwamba umeme ukikatika, na siku hizi unakatika kama mchezo, sisi wa cherehani za kukanyaga tunaendelea na kazi. Mwenye jengo akaja na habari zake kwamba ghorofa hiyo anataka kuwapangisha wanafunzi, mafundi tushuke chini kabisa, kule wanakoweka maboksi. Chini kule, baba, mchana na usiku ni kitu kimoja. Na akasema hazungumzi na kundi la watu, atazungumza na mwenyekiti wetu tu.

Mwenyekiti mwenyewe, yule mzee wa Malawi, alikuwa ameshafunga mizigo kurudi kwao. Ikabidi tuchague mwingine. Wakasimamishwa wawili: mimi, na Deo, Mrundi anayeshona mapazia. Deo si mtu mbaya, ila yeye chini kule kunamfaa, kwa sababu mapazia ni mazito na mlango wa kupakilia gari uko hukohuko. Akiwa yeye mwenyekiti, nilijua tumeshashuka. Na mimi nikishuka gizani sishoni tena, macho yangu yenyewe unayajua. Ningefunga virago.

Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Likatajwa jina la Deo kwanza. Baba, tulikuwa tumekaa benchi moja, bega kwa bega, amenigeukia anatabasamu. Ningefanyaje? Nikanyoosha mkono. Wallahi nilimpigia kura Deo! Lilipotajwa jina langu nikakaa mikono mapajani kama bibi harusi, naangalia sakafu. Mtu ajinyooshee mkono mwenyewe, mbele za watu? Si ndivyo ulivyonilea? Deo yeye alijinyooshea wake, mrefu, hadi kwapa likaonekana. Akanishinda kwa mkono mmoja.

Mama Furaha, anayeshona vitenge jirani yangu, mtu wa Bukavu, alinijia juu. "Saumu! Weye uko mzima kweli? Sisi tunapigana juu yako, na weye unapeana kura kwa Deo? Mungu wangu! Hii adabu yenu ya Tanga itatulaza kwa giza!" Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kumalizia suruali ya mtu.

Kesho yake ndipo alipokuja huyo ninayetaka kukusimulia. Niko kwenye mashine nazozana na mteja kwenye simu, amechelewesha kitambaa halafu nguo anaitaka leoleo, nikamwambia, "Hebu niondolee balaa lako hapa!" Nikasikia mtu anacheka nyuma yangu. Nageuka, namwona mama wa Kihindi, mtu mzima, nywele fupi nyeupe, koti la maana, amebeba nguo ya harusi kwenye mfuko. Akasema, "Wewe ni wa Tanga wewe. Usinikatalie." Kiswahili chake kilikuwa cha mitaa yetu ya Ngamiani kabisa, baba, kimekaa tu kama kilivyowekwa.

Akaniuliza wa nani. Nikamwambia binti wa Fundi Bakari. Yule mama akaishika meza. "Fundi Bakari wa barazani kwetu?"

Ni Gulbanu, baba. Binti wa tajiri yako wa duka la vitambaa, yule uliyekuwa ukitusimulia kwamba alikuwa akikaa miguuni pako barazani kuokota vifungo, mama yake akimwita ndani anajifanya hasikii. Amezeeka vizuri. Amekuja huku kwenye harusi ya mpwa wake, nguo imembana, akaelekezwa kwetu. Aliniuliza habari zako mpaka nikachoka kujibu. Nilipomwambia bado unashona kidogokidogo, alitoa leso.

Nikamfungulia mshono, naye akanisimulia maisha yake. Nakupa kama alivyonipa.

Walipotaifishiwa nyumba, na duka humohumo ndani, baba yake hakukaa. Akaichukua familia, wakaenda Kanada, mji mdogo wa wakulima wa ngano, theluji mpaka dirishani. Wakafungua duka la dobi. Gulbanu alikuwa msichana, akawa anakaza vifungo na kukunja mapindo. Wakulima walikuwa wakileta suti wakiwa na msiba au harusi tu, kwa hiyo akajua shida na furaha za mji mzima kupitia nguo. Baba yake akaingia chama cha wahafidhina, na binti akamfuata. Nikamuuliza kwa nini hicho. Akasema, "Mtu aliyenyang'anywa duka na serikali, akisikia chama kinasema serikali isiingie ndani ya mlango wa mtu, unadhani atakwenda wapi?" Najua wewe ungembishia, maana siku zote unasema nyumba zile zilichukuliwa kwa haki. Mimi nikanyamaza, nilikuwa na pini mdomoni.

Akaanza kwa kumimina chai kwenye mikutano ya chama. Miaka mingi, baba, chai tu! Halafu akachaguliwa bodi ya shule, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Halafu akajitosa kwenye kura za maoni za chama, kutafuta nani agombee bunge la jimbo, maana kule kila jimbo lina bunge lake. Hapo ndipo nilipoacha kushona nikamwangalia.

Wanachama walikuwa wanapigia kura ukumbini, na yeye, kwa vile wageni wamekuja kwa ajili yake, akaona hawezi kuwaacha na njaa. Akapika pilau na sambusa. Mama yake, shangazi zake, dada zake, wote wanachama wenye kadi, wako jikoni nyuma ya ukumbi wanakaanga na kupakua. Watu wakala, wakasifu, wakapiga kura. Yeye anazunguka na sinia, "Karibu, ongeza." Anasikia kengele, upigaji kura umefungwa. Hakupiga. Mama yake hakupiga. Jiko zima halikupiga! Akashindwa, na waliokuwa jikoni peke yao wangetosha kumpa ushindi.

Tulicheka, baba, tukacheka mpaka Mama Furaha akaja kuuliza nani amekufa. Ndipo nikamweleza Gulbanu habari yangu na Deo. Hakucheka tena. Akanishika mkono wenye mkasi.

"Wewe uliutaka uenyekiti?"

Nikasema niliwaachia watu waamue.

"Sikukuuliza watu."

Nikauangalia ule mkasi. Akasema, "Mimi niliosha vyombo usiku ule, nikaenda kwa aliyenishinda nikamwambia nipe kazi. Alidhani nimekwenda kumzomea. Akanituma mashambani kubisha hodi kwa ajili yake, kwenye theluji, mbwa wananifukuza. Lakini nyumba ambayo sikuingia katika wilaya ile haipo. Alipostaafu, walikuwa wananijua mimi kuliko yeye."

Hivyo ndivyo alivyoingia bunge la jimbo, akawa waziri kwa muda, akatolewa uwaziri alipobishana na wakubwa, akavuka kwenda bunge kuu Ottawa. Mwaka 2015 chama chake kiliangushwa nchi nzima, na yeye akaanguka nacho. Akarudi kwenye duka la dobi la kaka yake, akakaa kaunta. Wale wakulima wakawa wanaingia na suti zao hawajui wamwangalie wapi, yeye anawauliza tu wanataka lini.

Nikamchokoza kidogo, unanijua mdomo wangu. Nikamwambia, "Na hao wa chama chenu wasiotaka wageni waingie? Wewe si mgeni?" Hakukasirika. Akasema, "Wapo. Nagombana nao humohumo ndani. Nikitoka mimi, atagombana nao nani?" Sikuridhika sana na jibu hilo, na nilimwambia. Akasema hata mumewe haridhiki nalo. Lakini Oktoba anagombea tena, na nywele zake zote hizo nyeupe. Nikamuuliza, haoni haya, watu wameshamkataa mara moja? Akasema haya anaona sana, ila kiti anakitaka zaidi.

Alivyolisema hilo, baba! Bila kuzungusha, bila "Mungu akipenda na wazee wakiridhia". Anakitaka. Mimi sikuwahi kumsikia mwanamke wa kwetu akisema hivyo kwa sauti, na huyu ametoka barazani kwako.

Alipoondoka nikamfuata Deo kwenye mapazia yake. Nikamwambia, "Mwenyekiti, unakwenda lini kwa mwenye jengo? Nakusindikiza." Masikini Deo, alifurahi mpaka akanivutia kiti. Kumbe alikuwa hapati usingizi, anaogopa Kiingereza cha yule mtu. Kifaransa anacho tele, lakini huku utamsemesha nani Kifaransa?

Tukaenda. Sikumsomea mwenye jengo hotuba. Nilimwomba ashuke na sisi kule chini. Nikampa kitambaa cheusi, sindano na uzi mweusi, nikamwambia atunge uzi halafu apige mishono michache tu. Akavaa miwani. Akasogea kwenye taa. Akalamba uzi, akajaribu, akalamba tena. Deo ananikanyaga mguu asicheke. Na wallahi baba, sikupanga mimi, umeme ukakatika palepale! Giza totoro. Tukasikia sauti ya yule mtu gizani, "Eish," halafu sindano ikaanguka.

Tulipopanda juu kwenye mwanga akasema tubaki kwenye madirisha yetu mpaka mwisho wa mwaka, chini akae na maboksi yake. Baada ya hapo atazungumza na mwenyekiti atakayekuwepo, maana kila Desemba tunachagua upya. Si ushindi wa milele, najua. Lakini nilipowaambia mafundi, Mama Furaha alipiga vigelegele mpaka watu wa jengo la pili wakachungulia.

Jioni tunafunga, Deo akaja akasimama mbele ya mashine yangu, anazungusha tepu yake ya kupimia mkononi. Akaniambia, "Dada Saumu, mimi nilisimama kwa sababu niliona wewe hautaki. Hukusema. Ungesema, mkono wangu ningekupa wewe."

Nilikaa pale baada ya yeye kuondoka, sikuweza hata kufunika mashine. Mtu niliyemwonea haya alikuwa ananisubiri niseme.

Kwa hiyo baba, nisikilize vizuri, na usimpe mama mdogo akusomee kipande hiki, kisome mwenyewe. Sirudi mwaka huu. Desemba nasimama tena. Sitangoja nisimamishwe na mtu. Nimeanza kupita mashine hadi mashine, nawaambia kwa mdomo wangu kwamba nataka kuwa mwenyekiti wao na kwa nini. Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito kama nimeng'atwa na nyuki. Sasa umezoea. Wengine wananitania, wengine wanasema ngoja tuone, mmoja ameniambia mwanamke na mgeni hawezi, nikamwambia na yeye mwanamume na mgeni amefanya nini mpaka leo.

Najua umenifundisha kinyume. Nakumbuka walipotaka uwe mwenyekiti wa mtaa ukasema wapo wanaofaa zaidi, na mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba hawapo. Nilikuwa mdogo, nilikuona mkubwa kuliko watu wote siku ile. Hadi leo nakuona hivyo. Lakini baba, nilikuona pia usiku wake, umekaa kibarazani peke yako, na nikajua ulikuwa unautaka.

Sikulaumu hata kidogo. Nakuomba radhi yako tu, ili nisimame nayo.

Gulbanu amekuachia salamu nyingi, na kikoi kimoja atakachokuletea Hamisi akitoka huku. Nisalimie mama mdogo aliyenilea, mwambie aache kukuficha sukari, aitoe nyumbani kabisa. Nisalimie kaka Hamisi, dereva wetu wa masafa, mwambie safari ijayo aje na vitunguu vya Lushoto akipata. Nisalimie Bi Mwanajuma jirani, muuza mbaazi, na mwanawe mwalimu wa madrasa. Athumani anakuamkia. Rehema anakuamkia pia, kwa Kiswahili, nimemsimamia.

Mwenyezi Mungu akuweke.

Ni mimi binti yako, fundi, na mgombea,
Saumu Bakari