Kivuli cha Kuziba Nyota

Jumatatu, 9 Juni 2025
Leo mteja wa ajabu. Miaka kumi na tisa nashona mahema ya harusi na matanga hapa mtaani Free Area, sijawahi kuombwa kivuli cha kuziba nyota! Ni Jepkemei, injinia wa chuo. Eti kivuli hicho ni chombo kitakachopaa huko angani, mbali mbele ya darubini, kizibe mwanga wa nyota, ndipo sayari iliyo kando yake ionekane. Kama mtu anavyokinga jua kwa mkono aone nani anakuja barabarani. Niliinua mkono pale pale mlangoni nikajaribu. Kweli kabisa!

Anataka mfano mdogo wa plastiki nyeusi, umbo la ua, petali kumi na mbili. Jaribio Ijumaa. Wageni wa mradi wakiridhika, kundi lake litaingia kwenye usanifu wa chombo chenyewe. Wasiporidhika, basi.

Jumatano, 11 Juni
Nimemaliza. Safi! Pindo mara mbili, mshono umenyooka. Owino wa kuchomelea fremu amecheka — eti sasa malaika wataagiza hema. Mwache acheke.

Alhamisi, 12 Juni
Aibu! Jepkemei alikijaribu asubuhi, mwanga ukavuja kila upande. Kosa ni pindo langu. Ukingo ukiwa mnene, mwanga unagonga pale na kutawanyika. Unatakiwa mwembamba kama wembe, usikunjwe hata kidogo.

Nikamwambia hukunieleza. Akasema, "Mama, sikujua mtu anaweza kuweka pindo kwa hii kitu." Na mimi sikujua kuna fundi anayeacha ukingo wazi! Tukacheka, kicheko cha watu wenye shida.

Nimekata upya zote kumi na mbili, wembe mpya kila petali. Vidole vilitaka kukunja vyenyewe. Sayari nzima, na labda bahari zake, inapotea kwa unene wa uzi tu! Nimekaa nashangaa, chai imepoa.

Ijumaa, 13 Juni, saa tano asubuhi
Chuoni. Wageni wako ndani, madirisha yamezibwa. Taa kubwa ndiyo nyota. Kando yake kibalbu kama punje ya mtama, ndiyo sayari. Ua langu limesimama mbele ya kamera. Mimi niko kwenye korido, ndani nilishindwa kukaa.

Nimebandika sikio mlangoni.

Sauti ya mgeni mmoja: ngoja, mtu asiguse kitu.

Mlango umefunguka. Jepkemei. Machozi yanamtoka. Ni machozi gani haya? Amenishika sweta ananivuta ndani, kwenye skrini ya kamera ile punje ya mtama inang'aa peke yake, na mimi bado naandi—