Mashua Iliyozama Darasani

Ambanoro, Nosy Be

Mjukuu wangu Zaina,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima. Babu yako anakusalimu, goti tu ndilo linamsumbua.

Umeniuliza kama uwafundishe wanafunzi wako huko Mahajanga kwa michezo ya kompyuta. Nilipokuwa bado nafundisha, shule yetu ilipata kompyuta moja yenye mchezo wa hesabu. Ukikosea, mashua kwenye kioo inazama. Unajua kwetu ni mwiko mtoto kuchezea mashua za vifuu mtu wa nyumbani akiwa baharini, kwani kifuu kikizama na chombo chake kitazama. Mimi nilidhani mashine haimo katika mwiko huo.

Siku moja mwanafunzi wangu Mariamu alikosea, mashua ikazama. Baba yake alikuwa akivuka kwa boti kutoka Antsahampano, ng'ambo ya bara. Mtoto akapiga yowe, akakimbilia pwani, na wenzake wote wakamfuata.

Nilibaki peke yangu, nikaogopa kuizima kompyuta mashua ikiwa imezama. Nikaanza mchezo upya, nikajibu zile hesabu za watoto moja moja, mpaka mashua ikafika bandarini. Alasiri boti ya kweli nayo ikafika.

Wafundishe kwa michezo, mama. Ila uliza kwanza nani ana mtu safarini. Siku ile mimi pia nilikuwa na mtu wangu safarini. Babu yako alikuwa katika boti hiyo hiyo.

Bibi yako