Picha ya Brayo Akifanya Kazi

Jumamosi, Mukuyuni

Bado nacheka peke yangu kitandani.

Kikundi chetu cha chuo kinachimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, pamoja na kina mama wa mwethya wa hapa, kikundi cha kufanya kazi kwa ushirika. Brayo, mwenzetu wa kikundi, hajawahi kushika jembe. Yeye huja wakati wa picha tu. Leo asubuhi akanipigia simu: "Nije saa ngapi? Lecturer lazima anione nikifanya kazi."

Nikamwambia saa sita. Sheria ya kina mama sikumwambia: ukifika kwa mwethya kazi ikiwa imeisha, wewe ndiye unaosha sufuria.

Akaja na raba nyeupe. Mama Mwende, mwenyekiti wao, akamkabidhi sufuria kubwa ya githeri, imeungua vibaya. "Karibu, mwanangu. Sugua." Brayo akaniangalia. Mimi nikaangalia mlima.

Nikampiga picha, masizi mpaka puani. Jumatatu darasa lote litaiona. Naogopa kidogo atalipiza, lakini...

Kinachoniuma ni Mama Mwende. Aliinua ile sufuria ikimetameta, akasema, "Huyu arudi wiki ijayo." Kisha akageukia mtaro wangu. "Na huu ulichimbwa na kuku?"