Nakshi Tuliyodhani ni Kadi ya Harusi

Alhamisi. Mvua imepiga alfajiri, kisha jua likatoka kama limetumwa. Mgongo unauma, vidole vimepasuka kwa saruji, na bado nimekaa juu ya ndoo nje ya chumba changu nacheka peke yangu. Jirani amenichungulia mara mbili.

Niandike kabla magharibi haijaingia.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni Mnyamwezi wa Nzega, kibarua kwenye kiwanda kidogo cha matofali hapa Kerege. Tunafyatua yale ya pevingi, na siku nyingine tunakwenda kuyatandika kwenye nyua za wateja. Shule niliachia darasa la sita. Kusoma najua, ila polepole, na fomu ya ofisini hunitoa jasho kuliko zege.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kurudisha fomu za likizo. Mwaka wa tatu huu sijakanyaga nyumbani. Niliondoka mke wangu akiwa mjamzito. Mtoto wetu, Kalunde, sasa anatembea, anavunja vikombe, na akiulizwa baba yuko wapi anaonyesha simu.

Anaonyesha simu.

Mwaka jana ningekwenda. Nilikosa kwa ujinga wangu, nakiri. Tulipewa karatasi mbili, zote nyeupe: moja ya kuomba likizo, nyingine ya kukubali kubaki kulinda kiwanda. Niliona aibu kuwauliza wenzangu. Nikatia sahihi ile iliyokuwa juu. Sikukuu nzima nikalinda matofali, ambayo hayana hata pa kukimbilia.

Karani wetu ni dada Zuhura, mzaliwa wa Kaole. Kosa langu lilimuuma kuliko nilivyodhani. Mama yake husuka mikeka na hajui kusoma, lakini umwekee mkeka wowote wa pale kijijini, atakwambia umesukwa na mkono wa nani. Zuhura akajiuliza, kwa nini basi karatasi zetu zote zifanane? Akakaa na kompyuta yake, akatengeneza programu. Unaandika jina la mtu na aina ya fomu, yenyewe inachora nakshi nyepesi nyuma ya maandishi, karatasi nzima. Jina lako na fomu hiyo hutoa nakshi ileile kila mara. Jina jingine, nakshi nyingine. Fomu nyingine, nakshi nyingine.

Haya yote nimeyajua leo jioni. Asubuhi hatukujua kitu, na hapo ndipo tulipoharibu.

Zuhura alitukuta getini tunapakia lori. Akampa kila mtu karatasi iliyokunjwa, akasema, "Mnirudishie leo hii," akapanda bodaboda kwenda Bagamoyo kwa shughuli za ofisi. Pembeni mwa zile karatasi tuliona rangi ya zambarau, vimistari, mawimbi.

Kwetu sisi karatasi yenye mapambo ni kitu kimoja tu: kadi ya mchango wa harusi. Na sote tulijua mdogo wake Zuhura anaolewa.

"Msifungue!" alisema Sefu. Sefu ni Mkwere wa Lugoba, mtani wangu, mdomo wake hauna breki. "Ukifungua umepokea. Ukipokea, kamati itakupigia simu mpaka kaburini."

"Sasa tuziweke wapi?"

"Nyie Wanyamwezi mmezoea kubeba kila mnachopewa. Leo tua mzigo, mtani."

Akazikusanya zote kumi na moja, akazitia kwenye mfuko mtupu wa saruji. Mpango ulikuwa kumwambia Zuhura kwamba hatukuziona. Watu wazima kumi na moja, tena wengine wana wajukuu.

Nilikuwa mmoja wao. Sijitetei.

Saa tisa na nusu Zuhura akarudi. "Jamani, fomu za likizo ziko wapi? Saa kumi natuma majina. Bosi ameshapiga muhuri na ameshaondoka."

"Fomu za likizo?" Sefu aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Kwani mlidhani nini?"

Nikasema mimi: "Tulidhani kadi ya mdogo wako, dada."

Alicheka mpaka akashika nguzo. Kicheko kilikatika tulipoupata ule mfuko. Kuna mtu mchana aliuchukua kufunikia matofali mabichi, na matofali mabichi humwagiwa maji. Uji wa saruji ulikuwa umeingia ndani. Sehemu ya juu ya kila karatasi, penye jina, ilikuwa imepigwa lipu. Ukikwangua kwa pupa, inachanika. Kuchapa nyingine haisaidii, maana muhuri uko kwenye hizi.

Niliwaza sikukuu nyingine na matofali.

Zuhura akaweka kompyuta juu ya rundo la pevingi. "Njooni hapa. Majina yamefichika, nakshi hazijafichika. Nikiandika jina, kompyuta itachora ileile. Kila mtu atafute yake kwa macho."

Akaanza na langu. Kwenye kioo ukatokea mfupa wa samaki, miiba imelalia kulia, na kila safu ya nne kuna kijisanduku kitupu. Nikajikuta natabasamu. Maandishi hunipiga chenga, lakini mistari ndiyo kazi yangu. Tofali likikaa upande kwa unene wa ukucha, naliona nikiwa nimesimama.

Tulizitandaza karatasi juu ya mbao. Sefu, kwa kutaka kufuta dhambi zake, akanyakua moja. "Hii hapa yako, mtani! Tia sahihi, muda unakwenda."

Nikaitazama. Mfupa wa samaki, kweli.

"Siyo hii."

"Unachagua kitenge? Dakika zinaisha!"

"Miiba inalalia kushoto, Sefu. Na haina vijisanduku. Siyo yangu."

Yangu ilikuwa pembeni, kona imekunjika. Zuhura akaikwangua taratibu kwa ukucha mpaka herufi za kwanza za jina langu zikachomoza. Kisha akaikwangua ile aliyoishika Sefu. Ilikuwa ya Sefu mwenyewe. Alikuwa anagawa likizo yake!

Mkwere akaipokea kwa mikono miwili.

Nilitia sahihi, halafu nikabaki kuwatafutia wengine. Zuhura anaandika jina, mimi natazama kioo, naokota karatasi. Sikukosea hata moja. Mimi wa darasa la sita, ndiye niliyewasomea wenzangu leo. Majina yalikwenda kabla saa kumi haijagonga.

Baadaye Zuhura aliniuliza nakshi zipi zinachanganya macho. Nikamwambia kulalia kushoto na kulia kunafanana mno kwa mtu mwenye haraka, atofautishe kwa rangi pia. Akayaandika maneno yangu kwenye daftari. Ofisini hakuna aliyewahi kuandika nililosema. Nikamwambia pia aweke neno LIKIZO kubwa kwa nje, maana wajinga bado tupo.

Sefu kwa aibu aliomba kadi ya harusi. Zuhura akamjibu, "Ya mdogo wangu haina kadi. Njooni mle pilau, mmenichekesha vya kutosha."

Nimempigia mke wangu kwa simu ya picha, nikamwambia nakuja. Alipiga kigelegele kimoja kifupi, kama anaogopa kukimaliza. Kalunde akaibusu simu.

Hapo nikapata wazo linalonikera kidogo. Karatasi niliijua kwa nakshi yake. Mtoto huyu atanijua kwa nini? Kwenye kioo cha simu uso wangu ni mdogo, nusu giza. Kitu anachokiona kila siku ni hii kofia yangu ya njano, ukingo umechanika, ina madoa ya saruji ambayo kofia nyingine duniani haina.

Mke wangu amesema niifue kabla ya safari, nisimtie aibu kwa majirani.

Nimekataa. Nitashuka Nzega nayo kichwani, nitasimama mlangoni, nitanyamaza, nimwache Kalunde aitazame.